Kamba ya Gome Juu ya Begi Lako

Gongoni, Tabora
Jumanne, baada ya adhuhuri

Mwanangu Nyamizi,

Asubuhi uliponiamkia nilikuitikia kwa kichwa tu, ukadhani kifua kimenibana. Kifua hakikuwa na neno. Nilikuwa naitazama ile kamba uliyoiweka juu ya begi lako. Basi naanza hapo: marahaba, mwanangu. Marahaba sana.

Sasa umetoka kwenda mtaa wa Ng'ambo kutafuta mabuti ya mpira, na najua hutarudi upesi, maana wewe hununui kitu mpaka umeulizia bei duka la tano. Nina saa mbili, labda tatu. Mkono umezeeka, lakini miaka thelathini na minne ya chaki haiishi mkononi haraka. Utanivumilia mistari ikipanda na kushuka.

Sitaandika habari za maji ya kuchemsha, wala chandarua, wala mahali pa kufichia pasipoti. Dada yako Kulwa amekuimbia hayo wiki nzima, na wewe umemjibu "poa, dada, poa" mpaka akachoka. Nina jambo moja tu la kukuambia. Nimekuwa nalo tangu kabla hujazaliwa, na kila nilipojiandaa kulisema niliishia kuzungumza habari za mvua.

Jambo lenyewe ni hili: kisa cha kamba, nilichokusimulia tangu ukiwa unalala miguuni pangu, hakikuwa hivyo.

Ukitaka kukaa kwanza, kaa.

Jumapili ulisimama mbele ya usharika pamoja na wenzako watano mnaokwenda Malawi. Mchungaji alikwisha kuwawekea mikono. Akasema kila mmoja aseme neno moja tu, wewe ukasema kumi, kama kawaida yako. Ulisema: "Baba yangu alikwenda kwenye mafuriko hayo hayo akiwa kijana. Hawakuwa na kamba. Baba akachuna gome la mti, akasokota kamba kama wafuga nyuki wa kwetu, akavusha watu, akamvusha bibi mzee aliyekuwa amekata tamaa. Mimi nimelelewa na kamba ile. Jumatano nakwenda kuishika." Watu wakapiga makofi, mama mmoja akapiga vigelegele. Ukanitazama pale kwenye benchi la wagonjwa. Nikainamisha kichwa, na watu wakadhani ni unyenyekevu.

Hilo ningeweza kulimeza. Nimemeza mengi ya namna hiyo. Lakini jana ulirudi kutoka Sikonge kwa baba yako mdogo, ukaingia na kamba mpya ya gome la myombo imezungushwa begani, ukaiweka mapajani mwangu. "Onja uzito wake, Baba. Baba mdogo amesokota nyuzi tatu. Naondoka nayo." Niliposhika lile gome, unyevu wake, harufu yake, nilirudi mahali ambapo sikuwa nimekwenda kwa miaka arobaini na saba isipokuwa usingizini. Ulicheka, ukasema Baba analia kwa furaha.

Haikuwa furaha, Nyamizi. Ilikuwa hofu. Nilikuona ndani ya maji ukiwa umeshika uongo wangu kwa mikono miwili.

Sasa nisikilize nikueleze ilivyokuwa.

Nilikuwa na miaka thelathini na mmoja, mwalimu wa shule ya msingi na mzee wa vijana kanisani. Zilikuja habari kwamba kusini mwa Malawi mto Shire umetoka kwenye kingo zake na watu wanalala juu ya vichuguu. Kanisa letu likakusanya unga, mablanketi na watu saba. Tulipewa wiki moja ya huduma huko, maana lori lilikuwa la kuazima. Wiki moja, kama wewe. Siku ya kwanza tulihesabu magunia. Siku ya pili tulingoja kibali. Jioni ya siku ile nilikaa kwenye tela la lori nikajiuliza nitasimulia nini nikirudi. Nakuandikia hili kwanza kwa sababu ndilo lililoanza yote. Kabla ya kumwona mtu yeyote wa kumsaidia, nilikuwa nimeshaanza kutafuta kisa.

Siku ya tatu nilitumwa pamoja na mwenyeji wetu, Lameki, kupeleka magunia mawili ya unga kwa watu waliokwama. Lameki alikuwa mwinjilisti wa kijiji kiitwacho Namiyala, mtu mfupi, mpole, aliyejua Kiswahili kwa sababu ujana wake aliufanyia Chunya kwenye dhahabu. Mto ulikuwa umejichimbia mkono mpya uliopita katikati ya kijiji chake. Upande mmoja tulikuwa sisi. Upande wa pili palikuwa na kilima kidogo, watu kama thelathini, siku mbili hawajala. Katikati maji ya rangi ya chai, hatua kumi na tano hivi, yakimfika mtu kifuani, lakini yenye nguvu. Boti moja lililokuwepo lilikuwa limechukua wagonjwa kwenda chini ya mto, na kamba ya nailoni ilikwenda nalo.

Lameki akaweka gunia chini. "Tusubiri boti, Mwalimu. Kesho asubuhi litakuwa hapa."

"Kesho? Watu hawajala."

"Najua. Mke wangu yuko kule." Akanyoosha kidole. "Yule mwenye kitenge cha njano, ndiye Estere. Mtoto wetu Dorika yuko mgongoni kwa shangazi yake. Mke wangu yuko kule, na mimi ndiye nasema tusubiri."

Mtu mwenye akili angenyamaza hapo. Mimi nikaangalia huku na huku, nikaona mti. Majani yake yalipangana kwa jozi kama ya myombo, gome lake lina rangi ile ile. Wewe unajua nilikotoka. Baba yangu alikuwa na mizinga zaidi ya mia katika pori la Sikonge, na tangu nikiwa na miaka saba nilikuwa nachuna magome wakati wa mvua, nakwangua ngozi ya nje, nasokota utepe wa ndani. Kwetu mzinga wenye asali unaning'inia kwenye kamba ya gome msimu mzima, upepo unaupiga, nao hauanguki. Nikatoa kisu.

"Unafanya nini?" Lameki akauliza.

"Kwetu hatungoji kamba ya dukani."

"Mwalimu, mti huo sisi hatufungii hata mbuzi."

"Nyie Wamalawi mbuzi mnamfungia nini? Hariri?"

Nilicheka. Naye akatabasamu kidogo, kwa adabu, kama mtu anayemcheka mgeni ili mgeni asione haya. Sikumuuliza mti ule unaitwaje. Mpaka leo sijui jina lake.

Hapa lazima nikukumbushe habari za babu yangu, maana zinanihukumu kuliko kitu chochote. Alikuwa mpagazi. Alibeba pembe begani kutoka hapa Tabora mpaka pwani, na kurudi na marobota ya nguo. Aliponisimulia safari zake hakusifu nguvu, alisifu utaratibu. Alisema msafara ukifika kwenye mto wa watu, mizigo yote inashushwa, anatafutwa mwenyeji, na mwenyeji anatangulia kuvuka. Hata maji yakiwa ya magotini, hata mwenyeji akisema ngojeni siku mbili, mnangoja. Nilikuwa nimelifundisha jambo hilo darasani, kwenye somo la historia, na kuwapa wanafunzi zoezi. Mwezi mmoja tu kabla ya safari.

Nilisokota kamba kwa muda wa saa tatu. Mwanamume mmoja wa upande wa pili, aliyejua kuogelea, alikuja akachukua ncha, akaifunga kwenye shina kule. Mimi nikafunga yangu. Niliivuta kwa uzito wangu wote, ikakaza. Wakavuka wanaume wawili kwa kuishika, wakachukua magunia kichwani, wakarudi nayo. Unga ukafika. Kule kilimani watu wakaimba.

Lameki akanishika mkono. "Asante, Mwalimu. Nilikosea. Sasa basi, inatosha. Chakula kimefika. Tuifungue."

Hapo, mwanangu, kila kitu kilikuwa kimeshafanyika. Ningeifungua ile kamba, kisa chote nilichokusimulia kingekuwa cha kweli, isipokuwa bibi mzee. Lakini nilikuwa nimesikia ule wimbo. Nilitaka wavuke watu, si magunia. Nilitaka mtu aje mpaka upande wangu, anishike mikono.

Estere alikuwa amesogea mpaka ukingoni. Alimwita mumewe kwa lugha yao. Lameki akanyanyua kiganja, hivi, akimwambia kaa huko huko. Na mimi, nikiwa nimesimama hatua mbili kutoka kwake, nikampungia mkono aje.

Hakuhitaji kujua lugha yangu. Aliona mikono miwili, wa mumewe uliosema baki na wa mgeni uliosema njoo. Alitazama mmoja, akatazama mwingine. Nikapunga tena, nikacheka ili asiogope. Mimi ndiye mgeni niliyekuja na lori na unga, na ambaye kamba yangu ilikuwa imeshashinda mara nne mbele ya macho yake. Akafunga kitenge vizuri kiunoni, akaingia majini.

Alifika katikati. Ile kamba haikukatika kwa kishindo kama watu wanavyodhani. Ilifumuka. Gome la mti ule lilikuwa limekunywa maji, zile nyuzi zikateleza moja juu ya nyingine polepole, kama msuko wa nywele unaoachia. Niliona kwenye fundo langu kabla yeye hajahisi. Kisha ikalegea mikononi mwake, akatutazama. Hakupiga kelele. Alitutazama wote wawili kama aliyekuwa na swali, na maji yakamlaza ubavu, na ile njano ikaonekana mara moja, mara mbili, mbali zaidi kila mara.

Lameki aliruka. Nilimshika ukanda wa suruali, nikamwangusha kwenye matope, nikamkalia. Alinipiga usoni. Sikumwachia. Mpaka leo sijui kama nilimwokoa au nilimnyima nafasi ya kumfikia mke wake. Nimepima umbali ule kichwani mara nyingi kuliko nilivyosali.

Walimkuta siku ya tano, kwenye matete. Mazishi yalikuwa siku ya sita. Wazee walinipa Biblia niombe, kwa kuwa mimi ni mgeni na mwalimu. Lameki akaja akaichukua mkononi mwangu bila hasira. "Leo usiombe wewe," akasema. "Chimba." Nikachimba. Ardhi ilikuwa na maji, kila nilichotoa kilirudi.

Kiongozi wetu alipouliza ilikuwaje, Lameki alijibu: "Maji yamemchukua." Basi. Hakutaja kamba. Nilisubiri aitaje, nikiwa nimesimama pembeni yake, na mdomo wa kuitaja ninao. Kabla lori halijaondoka alikuja upande wangu wa dirisha. Nilidhani anakuja kunilaani, na ningefurahi. Alisema: "Mwalimu, ukifika kwenu utasimulia. Watu wanaotoka mbali lazima wasimulie. Mtaje jina. Sema Estere."

Nikasema nitamtaja.

Sasa nikueleze nilivyomgeuza. Tulirudi Tabora, ikafanywa ibada ya shukrani. Niliitwa mbele. Nakuapia nilikuwa nimekusudia kusema yote. Nikaanza: "Hatukuwa na kamba. Nikachuna gome, nikasokota kamba, watu wakavuka." Mpaka hapo hakuna uongo. Mzee mmoja kwenye benchi la mbele akasema kwa sauti, "Mnyamwezi huyo!" Kanisa zima likacheka, likapiga makofi, kwaya ikaanzisha wimbo. Nilikuwa bado nimefungua mdomo. Nikaufunga. Wimbo ulipokwisha nikarudi kukaa.

Hivyo tu. Sikutunga kitu siku ile, nilinyamaza tu mahali pabaya. Bibi mzee alikuja baadaye, mwaka mmoja au miwili, pale watu walipozidi kuuliza ni nani aliyevuka. Siku moja nikasikia kinywa changu kikisema, "Kulikuwa na mama mmoja..." Nikaogopa umri wake, nikamzeesha. Nikampa meno mawili, nikampa kicheko. Kwako wewe nilimpa hata kuku kwapani, unakumbuka? Ulikuwa hulali mpaka kuku amefika salama. Kila nilipomwongezea kitu yule bibi, Estere alizama tena kidogo.

Kisa kile kilinipa kila kitu. Nilipendekezwa kuwa mwalimu mkuu na watu waliosema huyu ni mtu wa vitendo. Mama yako alikuwa kwenye kwaya ile, msichana wa miaka kumi na tisa. Aliniambia baadaye kwamba alinipenda kabla wimbo haujafika ubeti wa pili. Alinipenda kwa ajili ya kamba, Nyamizi. Fikiria kulala na hilo.

Lakini mama yako hakuwa mjinga. Aliona kwamba sikupandisha tena mzinga mtini. Baba yangu alininung'unikia mpaka anakufa, akiniita mzungu wa chaki. Kumbe mikono yangu ilikataa kugusa gome. Siku moja, wewe ukiwa tumboni, tukiwa tunachambua mchele, mama yako aliniuliza bila kuinua macho:

"Baba Kulwa, yule bibi uliyemvusha aliitwa nani?"

"Estere," nikasema. Likatoka lenyewe.

Akachambua kidogo. "Bibi mzee?"

Nikaendelea kuchambua. Akatoa jiwe kwenye mchele, akalitupa mlangoni. "Siku utakapotaka kusema, mimi nipo," akasema. Aliishi miaka ishirini na miwili baada ya siku ile, na hakuniuliza tena, na mimi sikusema. Unakumbuka wiki yake ya mwisho hospitali, nilivyokuwa namfukuza kila mtu chumbani nibaki naye peke yangu? Nilikuwa najaribu. Siku ya tatu akaacha kusikia. Nikasema akiwa hasikii, na najua hiyo si kusema.

Na kuna barua. Ilikuja kwa mkono wa mchungaji mmoja aliyetoka mkutano wa makanisa, wewe ukiwa darasa la pili. Lameki aliandika mistari mitano. Kwamba yeye ni mzima. Kwamba Dorika ameolewa na ana mtoto wa kike aliyepewa jina la bibi yake. Na mwisho: "Je, ulimtaja?" Hakuna lawama, hakuna kitu kingine. Niliiweka ndani ya kitabu changu cha jiografia, kile chenye jalada la kijani, rafu ya juu. Bado imo. Sikumjibu. Nilianza barua tatu nikazichana, kwa sababu jibu la kweli lilikuwa neno moja na sikuweza kuliandika.

Unaona mwanangu, kuua mtu kwa ujinga na haraka ni jambo baya, lakini wapo wanaofanya hivyo na bado wanabaki wanadamu. Lililoniharibu ni haya yaliyofuata, siku baada ya siku, nikiwa nimevaa tai, nikisifiwa. Nilikuwa mkali darasani kwa watoto waliosema uongo. Wewe mwenyewe nilikuchapa kwa ajili ya kikombe ulichovunja ukasema ni paka. Ulikuwa na miaka sita. Nilikuchapa zaidi ya kikombe. Nisamehe hilo pia.

Sasa wewe unakwenda. Sikuandikii ili ubaki. Nilifikiri juu ya hilo, sitakuficha. Jana niliwaza kwamba nikijifanya kuzidiwa, usingeondoka. Daktari ameshasema moyo umechoka na maji yanajikusanya mapafuni. Nisingehitaji hata kuigiza sana. Nikaona ni mkono ule ule tena, nawapungia watu nikiwaelekeza ninakotaka mimi. Basi nenda. Wiki yako ni fupi, na ya kwangu sijui urefu wake, na huenda hatukutani tena kwenye kibaraza hiki. Nalijua hilo ninapoandika nenda.

Lakini utafika siku ya tatu. Nakuambia kwa sababu nimefika huko. Utakuwa umehesabu magunia na kungoja vibali, simu yako haitakuwa na picha yoyote ya maana, na utasikia wiki inakuponyoka. Atatokea mtu wa pale, mtulivu, pengine amevaa matambara, atakuambia tusubiri. Utamwona mzembe. Muulize anamjua nani kule upande wa pili. Kama mimi ningeuliza kwa masikio na si kwa mdomo, ningesikia kwamba mtu aliyekuwa na haraka kuliko wote pale mtoni ndiye aliyesema tungoje.

Na utakosea. Sisemi ukikosea. Utavunja kitu, au utamuumiza mtu, ukiwa na nia njema mpaka kwenye kucha. Siku hiyo hiyo liseme, kabla jua halijatua, kwa yule yule uliyemkosea na kwa kiongozi wenu, hata kama aliyekosewa amekufichia. Lameki alinifichia kwa huruma, nami nikaigeuza huruma yake kuwa kificho cha maisha yangu yote. Ukichelewa siku moja tu utakuta kosa limeshaota mguu, kesho lina kuku kwapani.

Ile kamba iache hapa. Si kwa sababu gome la myombo ni baya. Baba yako mdogo anajua kazi, na mzinga ungekaa. Lakini imesokotwa kwa ajili ya maji usiyoyajua, na wewe ungeamini kwamba imeshawahi kumvusha mtu. Haijawahi. Ungekwenda nayo ukingoni ukiwa na imani, na mtu angekuona una imani, akaingia. Mpe jirani yetu Mzee Salumu afungie mbuzi wake. Atapata la kusema mwezi mzima.

Chukua ile barua kwenye kitabu cha kijani. Ukipata nafasi ya kufika Namiyala, na ikiwa Lameki yu hai, mpe shikamoo yangu, kisha mwambie jibu ni hapana. Mwambie sikumtaja. Usinipunguzie. Akiwa hayupo, mtafute Dorika. Sasa ni mama wa miaka hamsini na mmoja. Yeye alikuwa mgongoni kwa shangazi yake, alikuwa anatazama. Sijui kama anakumbuka mikono miwili. Kama hajui habari za mkono wangu, ana haki ya kujua, na akikufukuza, ondoka kwa adabu, hajakukosea. Usiombe msamaha kwa niaba yangu. Wa kuomba ni mimi, na nilikuwa na miguu yenye nguvu kwa miaka arobaini na sikwenda.

Jumapili, kama pumzi itaniruhusu, nitamwomba mchungaji dakika tano. Nitasimama pale pale uliposimama. Nimeshamtuma Kulwa amwambie nina neno. Watu watashangaa, wengine watasema mzee amechanganyikiwa kwa dawa. Wataulizana kama na wewe ulijua. Kwa hilo nakuonea huruma, kwa sababu nimekuacha usimame mbele yao uape kwa kitu kisichokuwepo, nikainamisha kichwa.

Nilikuwa nimepanga kuificha barua hii chini kabisa ya begi, uikute ukiwa umeshavuka mpaka wa Kasumulu. Nimeona pale nilipofika katikati kwamba huo nao ni ujanja. Ungeisoma mbali, mimi nisione uso wako, na kamba ikiwa tayari mkononi mwako. Nitakupa hapa. Utaisoma mbele yangu, na kisha uamue kama bado unataka kwenda, na kama bado unataka kuniamkia kesho alfajiri kabla ya basi la Mbeya.

Nasikia geti. Mzee Salumu ameshakudaka pale nje, nawasikia.

"Binti wa Mwalimu! Sisi Tabora tunapigana vikumbo na ndoo bombani, wewe unapanda basi kufuata maji Malawi?"

"Nitakuletea dumu moja, Babu."

"Lete mawili! Moja la kunywa, moja la kutawadha."

Unacheka. Kicheko chako kimefanana na cha mama yako mpaka najisikia nimeitwa. Mabuti umeyapata, nayasikia yanagongana. Sasa hivi utaingia, utasema shikamoo Baba, bado unaandika tu?

Alikuwa anaitwa Estere. Alikuwa mke wa Lameki na mama wa Dorika, alivaa kitenge cha njano, na aliingia majini kwa sababu mimi nilimwita.

Ni mimi baba yako.